Mapasa wa Ndani ya Santuri

Nilikuwa kwa msusi, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama kama kichaka, redio ilipotangaza kwamba mwanamuziki yule Mwingereza amekufa. Mtangazaji alilitamka jina lake ovyo, akataja albamu zake mbili tatu kwa haraka, kisha akahamia kwenye bei ya kobalti. Wasichana waliokuwa pale hawakuinua hata kope. Siwalaumu, wao wana nyimbo zao, na nyimbo zao hazijafikisha hata mwezi. Mimi nilimwambia msusi amalize upesi hata kama mistari itapinda, kwa sababu Mama alikuwa bado hajasikia, na habari ile haikuwa ya kuachiwa majirani.

Mtu wa rika langu aliyekulia Kolwezi atashangaa. Siku zile nyumba zote za wafanyakazi wa kampuni ya migodi zilipiga rumba ya Kinshasa, jioni ukipita barabarani ulisikia wimbo mmoja ukikusindikiza kutoka mlango hadi mlango. Ukifika kwetu, rumba ilikatika. Kwetu kulikuwa na Mwingereza huyo na magitaa yake yanayonguruma, na watu walidhani tumerukwa na akili. Wasichojua ni kwamba kwetu hakuwa mwanamuziki tu. Alikuwa mtu wa aina yetu, karibu ndugu, na nikitaka kueleweka inabidi nianzie kwenye tumbo la mama yangu.

Mama alizaa mapasa. Wengine husema mapacha. Sisi husema mapasa. Anayetangulia kutoka huitwa Kyungu, anayefuata huitwa Kabange, maana kwetu Waluba majina ya mapasa hayachaguliwi na mtu, huja nao. Tulikuwa wasichana wawili, na mimi ndiye Kabange. Tangu siku ile Mama hakuitwa tena kwa jina lake, akawa Mama Mapasa, na Baba akawa Tata Mapasa hata kazini. Mapasa ni heshima, na ni mzigo pia. Ukimpa mmoja gauni, mpe na mwenzake. Ukimsalimu mmoja, usimruke mwenzake. Na lazima waimbiwe. Nyimbo zenyewe ni matusi matupu, zinataja ya baba na ya mama bila kufunika chochote, na kadiri zinavyochafuka ndivyo mapasa wanavyofurahi na kukubali kubaki duniani. Wasipoimbiwa hukasirika, na mapasa akikasirika hurudi alikotoka.

Sasa fikiria jambo hilo ndani ya nyumba ya shemasi. Baba alikuwa fundi wa pampu, kazi yake ilikuwa kutoa maji kwenye mashimo ya mgodi wa Musonoi, mtaa wetu, ili wenzake wachimbe pakavu, na Jumapili alikuwa shemasi wa kanisa letu la Kiprotestanti, koti jeusi, Biblia kwapani. Kambo, yaani bibi yetu mzaa mama, alipanda treni kutoka kaskazini mara tu aliposikia tumezaliwa, na nyimbo zote alikuwa nazo kichwani. Wanasema aliziimba katikati ya barabara akicheza na lungo la kupepetea, na mchungaji aliyekuwa anakuja kutuombea aligeuza baiskeli yake akarudi zake. Baba aliona aibu mpaka akakosa pa kuweka uso.

"Mama, nakuomba," alimwambia Kambo bila kumtazama, maana mkwe ni mkwe. "Mu hii nyumba tunaimbaka tu nyimbo ya Mungu."

"Na hawa batoto, ni nani alibaleta?" Kambo alimjibu. "Si ni Mungu?"

Mwenye nyumba hahitaji jibu. Nyimbo za mapasa zilipigwa marufuku. Kambo alibaki kwetu kutulea, na nyimbo zake akazihamishia kwenye jiko la nje, akizivumisha puani huku akisonga bukari, ugali wetu, ili Baba asisikie maneno.

Mwingereza aliingia nyumbani wakati wazungu wengi walipoondoka Kolwezi kwa haraka. Mkubwa wa Baba kazini, enjenyeri wa pampu, aliondoka na sanduku moja la nguo, na vilivyobaki akawagawia mafundi wake. Baba alipata mashine ya santuri na kreti la mbao lililojaa santuri. Yule enjenyeri lazima alikuwa mtu wa kupenda kitu kimoja mpaka mwisho, maana kreti zima lilikuwa la mwanamuziki huyo huyo, albamu baada ya albamu. Zilinuka karatasi ya zamani na moshi wa tumbaku. Mpaka leo nikisikia harufu hiyo popote, hata ofisini kwa mtu nisiyemjua, miguu yangu inataka kukaa chini kwenye saruji.

Tulidhani Baba atalitupa kreti lile, kwa kuwa rumba yenyewe hakuitaka nyumbani. Aliigeuza santuri ya kwanza huku na huku, akasoma maandishi kwa kidole, halafu uso ukamng'aa.

"Ni Kingereza," alisema. "Kingereza ni luga ya bamisionere. Muntu hawezi kutukana mu Kingereza."

Wamisionari waliombatiza babu yetu walisema Kiingereza, na Baba hakuwahi kusikia lugha hiyo nje ya mahubiri. Kwake ilikuwa imetakaswa tayari. Basi, rumba yenye maneno ya mapenzi ilibaki nje ya mlango, na rock ikakaribishwa sebuleni kwa mikono miwili. Kuna wimbo mmoja wa haraka ambao ngoma zake zilipiga kama mashine ya kusaga mawe kiwandani, na huyo bwana akapiga kelele kama aliyekanyaga kaa la moto. Baba aliusikiliza akiwa amekaa wima, mikono magotini, macho amefumba. Siku moja aliwapigia wimbo huo mashemasi wenzake, nao wakatikisa vichwa kwa unyenyekevu, na mmoja akasema amina wimbo ulipokatika. Sijui mpaka leo ulisema nini, na sitaki kujua.

Mimi na Kyungu tulipenda majalada. Tuliyapanga sakafuni tukayachungulia tumelala kifudifudi. Kwenye jalada moja alikuwa kijana mwembamba mwenye nywele mpaka mabegani; kwenye jingine amenyoa, amevaa suti kama karani; kwenye jingine amejipaka usoni kama mtu anayetoka jandoni, na kwenye jingine ana ndevu na macho ya huzuni kama mtume. Hatukuelewa ni watu wangapi. Mimi nilisema ni ukoo. Kyungu, aliyekuwa mtangulizi katika kila kitu, hata katika kusema uongo, alisema tungoje, atapata jibu.

Alilipata ndani ya wimbo wa polepole. Ulianza na gitaa moja, kisha akaingia yeye kwa sauti ya karibu, kama anakusemesha wewe peke yako. Ukifika katikati, sauti nyingine ilijitokeza chini ya ile ya kwanza, ikawa inatembea nayo. Haikuwa sauti ya mtu mwingine. Ilikuwa sauti ile ile, koo lile lile, pumzi ile ile, ila wako wawili. Kyungu aliruka akashika kichwa.

"Kabange, sikia! Beko babili! Ni mapasa!"

Tulimkimbilia Kambo jikoni tukamvuta kwa nguo. Alikuja akinung'unika, ugoro puani, akainama akaweka sikio kwenye spika. Wimbo ukaisha. Akataka urudiwe. Mara hii alifumba macho, na kidole chake kikawa kinapanda na kushuka.

"Hii ni sauti ya tumbo moya," aliamua. "Huyu wa mbele ni Kyungu. Huyu wa nyuma ni Kabange. Sikia vile anamungojea mwenzake."

Kesi ikafungwa. Kama wapo wazee wanaojua sauti za mapasa, Kambo alikuwa mkuu wao. Tangu siku ile aliiheshimu mashine kama mtu, akipita karibu yake anaisalimu mara mbili, na mara nyingine anaweka juu yake karanga mbili, moja kwa kila mmoja wao. Kuhusu picha, Kyungu alimaliza utata wote. Kila jalada lilikuwa la mmoja wao, kwa zamu. Nilimuuliza mbona hawapigwi picha pamoja.

"Moya anapiga foto," alinijibu kana kwamba mimi ni mjinga wa kuzaliwa, "mwenzake anamushikia nguo."

Tukaishi nao hivyo. King'ora cha baruti cha mgodi wa Mashamba kilipolia mchana, Mama aliacha kazi yoyote akakimbia kuinua sindano ya santuri, kwa sababu mlipuko ulitikisa ukuta na sindano ingekwaruza. Alichelewa mara moja, na wimbo wa polepole ukapata mkwaruzo, neno moja likawa linajirudia mpaka upige meza kwa ngumi. Tulijifunza kupiga meza pale pale panapotakiwa. Mama aliimba nao akiosha vyombo, maneno yasiyo ya lugha yoyote, na alikuwa anacheka kwa sauti kubwa wakati ule.

Halafu surua ikaingia Musonoi. Tuliipata sote wawili, kama tulivyopata kila kitu. Mimi nilipona, nikiwa na ngozi ya kubanduka na macho yasiyotaka mwanga. Kyungu alipelekwa hospitali kifuani mwa Baba, amefunikwa blanketi, na Baba alirudi na blanketi.

Nilikuwa na umri wa kuelewa mambo nusu, na nusu hiyo ndiyo mbaya. Watu walijaa uani kama kwenye msiba wowote, wakaketi, lakini hakuna aliyelia. Walisemezana habari za mvua na za kazi. Mama alikaa katikati ya wanawake, mdomo umekazwa, na Kambo alikuwa mbele yake akimwangalia kama askari.

"Mapasa habakufaka," Kambo alisema, ili wote wasikie. "Kyungu alienda kutafuta chumvi. Muntu mwenye kulia, anaua huyu mwenye kubakia." Akaninyoshea kidole.

Ndivyo ilivyo kwetu. Mapasa haliliwi na mtu, kwa kuwa aliyebaki atasikia kilio hicho na kumfuata mwenzake. Badala ya kilio, aliyeondoka huimbiwa zile nyimbo zake, matusi na vigelegele, asindikizwe akiwa na furaha. Hapo ndipo mambo yalipokwama. Baba alisema mtoto wa shemasi hatasindikizwa na matusi. Aimbiwe tenzi za kanisa. Kambo akasema tenzi zitawaliza watu, na wakilia Kabange atakufa. Hakuna aliyemshinda mwenzake. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Sasa mfiwa amezuiwa asilie, amezuiwa na kuimba, hao wa mbali wafanye nini? Walikula, wakanawa, wakaenda zao. Mama alibaki amekaa pale pale.

Mimi niliwaamini. Kyungu ameenda kutafuta chumvi, basi. Nilijua kwamba chumvi nzuri hutoka mbali, na niliwahi kutumwa mara nyingi kuinunua, na kila mara nilirudi. Kwa hiyo nilingoja. Nilipochoka kungoja nilikwenda sokoni, kwa mama mmoja aliyeuza chumvi kwa kikombe, nikasimama mbele ya gunia lake.

"Mama, ulimuona Kyungu kule ku chumvi?"

Alikuwa anampimia mteja. Kikombe kilibaki hewani. Sote Musonoi tulijuana, na mapasa wa shemasi walijulikana zaidi. Alimtazama mteja, mteja akatazama pembeni.

"Nilimuona, mwanangu," alisema. "Eko muzuri. Alisema nikusalimie."

Akanijazia chumvi kwenye viganja vyangu viwili. Nilitembea nayo polepole mpaka nyumbani, nisipoteze hata punje, nikamwonyesha Mama nikamwambia Kyungu ametuma hii. Mama alifungua mdomo. Niliona kabisa kilio kikipanda. Kambo alimwita kwa jina lake la usichana, mara moja tu, na Mama akaufunga mdomo, akapokea ile chumvi, akasema asante.

Baada ya hapo niliacha kula. Sikuwa na ujanja wowote. Chumvi ilikuwa imefika na mwenye chumvi hakufika, na chakula kilikataa kupita. Mama alinipikia samaki wa ziwa la Nzilo niliokuwa nawapenda, nikawatazama tu. Nilikonda mpaka Kambo akawa ananibeba mgongoni kama mtoto wa kunyonya. Nesi wa kampuni alisema sina ugonjwa. Kambo alisema anaujua ugonjwa, Kyungu ananiita kwa sababu hakuimbiwa, na akamwomba Baba ruhusa, yeye aliyekuwa hamwombi mtu. Baba alitikisa kichwa. Aliogopa jehanamu kwa ajili yetu sote, na mtu anayeogopa hivyo si mbaya, ila ni mgumu kama jiwe la kijani la Mashamba.

Mchana mmoja Baba akiwa kazini, Mama aliinuka mkekani. Alifungua kreti, akatoa albamu yenye wimbo wa polepole, akaiweka kwenye mashine.

"Unafanya nini?" Kambo alimuuliza.

"Hawa ni mapasa, sivyo? Ni weye ulisema," Mama alijibu. "Basi nyimbo yao ni nyimbo ya mapasa. Na Tata Mapasa mwenyewe aliikubalia."

Kambo akaenda kuchukua lungo.

Waliimba, jamani. Mama aliongeza sauti mpaka mwisho, na yule Mwingereza na mwenzake wakaijaza nyumba, na Mama akaimba juu yao Kiingereza chake kisichokuwepo duniani, na Kambo akaingiza humo humo maneno yake ya Kiluba, yale yale, mazito, akijua kelele za magitaa zitayafunika. Walinizunguka wakicheza wamepiga magoti. Wakaweka santuri ya haraka, wakacheza nayo. Wakarudia ya polepole. Jasho liliwatoka. Pale kwenye mkwaruzo neno lilipoanza kujirudia, nilinyosha mkono nikapiga meza kwa ngumi, kazi ambayo siku zote ilikuwa ya Kyungu. Kisha nikasema nina njaa.

Nilikuwa nakula, bukari na mboga mkono mzima, Baba alipoingia. Pampu ilikuwa imeharibika na amerudi kuchukua kifaa. Alisimama mlangoni na kofia yake ya kazi, matope mpaka magotini. Alimwona mkewe ametapakaa jasho, mkwewe na lungo, nguo ziko kombo. Kambo alikuwa katikati ya neno ambalo hata mtoto angelijua. Wote wakanyamaza, isipokuwa Waingereza, ambao waliendelea kuimba wenyewe. Halafu Baba aliniona mimi. Alitazama mkono wangu ukienda kwenye sahani na kurudi mdomoni. Alitazama mpaka wimbo ukaisha.

Alivua kofia. Akapita katikati yao na viatu vyake vya matope, akainua sindano kwa vidole vyenye grisi, akairudisha mwanzo.

"Ni Kingereza," alisema. "Hakuna mubaya."

Akachukua kifaa chake akarudi kazini. Nilimpenda Baba maisha yake yote, lakini sijui kama nilimpenda siku nyingine zaidi ya ile.

Kwa hiyo niliishi, kama unavyoona. Lakini Mama hakulia. Watu husema wakati huponya. Na wengine husema mwenye kovu usidhani kapoa, na hao ndio waliomjua Mama. Alizaa tena, alicheka tena, ingawa si kwa sauti ile. Kambo alipokufa alimzika kwa macho makavu. Baba alipokufa, watu wa ukoo wa Baba walimtazama kaburini wakanong'onezana kwamba mwanamke huyu ana moyo wa mti. Mimi nilikuwa ubavuni mwake, mtu mzima, mama wa watoto, na nilihisi mwili wake wote ukitetemeka kwa nguvu ya kuzuia. Alikuwa ameng'ata kitambaa. Nilielewa pale kwamba ni kwa ajili yangu. Machozi yakishafunguliwa hayaulizi ni ya nani, na aliogopa kwamba akimlilia mume yatapita yamfikie Kyungu, na mimi nimesimama hapo hapo.

Ukweli kuhusu Mwingereza niliupata kwa mwanangu Deo, anayerekodi kwaya za makanisa kwa kompyuta kwenye chumba kilichobandikwa magodoro ukutani. Siku moja nilimletea wimbo wa polepole nikamsimulia habari za mapasa, nikijua atafurahi. Alicheka kwa upole.

"Mama, huyu ni muntu moya," alisema. "Anaimba, kiisha anavaa ekuta mu masikio, anajisikiliza, anaimba tena juu ya sauti yake. Banafanyaka hivyo tangu zamani."

Nilimkasirikia kama aliyemtukana mtu wa nyumbani. Kisha nilirudi kuzisikiliza albamu zote, hata zile mpya alizotoa uzeeni, na kweli, alikuwa peke yake kila mahali. Katika ile ya mwisho hata hakujisumbua kujirudufu. Sauti ni moja, imechakaa, inasimama kupumua. Mama sikumwambia. Niliona haina maana afiwe tena nyumbani kwake.

Nilifika Musonoi kwa pikipiki ya taksi-moto, nywele zimesukwa vibaya. Mama bado anakaa kwenye nyumba ile ile, ingawa wachimbaji sasa wanachimba karibu na ua wake, na majirani wa zamani wamebadilishwa na vijana kutoka kila pembe ya Kongo na wake zao. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda anachambua sombe, majani ya muhogo.

"Ule Mwingereza alikufa, Mama. Ni redio imesema."

Mikono yake ilisimama. "Mwenye gani? Wa mbele ao wa nyuma?"

Ili nipate muda nilitoa simu nikampigia wimbo wa albamu ya mwisho. Aliinamisha kichwa kama Kambo alivyofanya, akasikiliza mpaka mwisho.

"Anaimba peke yake," alisema. "Mwenzake eko wapi?"

Ningeweza kumwambia mwenzake yupo salama, anaendelea kuishi kule kwao. Angeamini, tungemaliza kuchambua sombe pamoja. Nilimtazama, mwanamke mzee aliyebana meno maisha yake yote ili mimi niishi, na nikaona sina haki ya kumwongezea siri nyingine ya kubeba.

"Mama, hakukuwa mwenzake. Alikuwa muntu moya. Alikuwa anajiimbia mara mbili."

"Tangu zamani?"

"Tangu zamani."

"Na ile nyimbo ya polepole?"

"Na ile, Mama."

Niliogopa nimemnyang'anya kitu. Alikuwa anafikiri, midomo inacheza bila sauti.

"Basi hakuna mwenye kubakia," alisema.

"Hakuna."

"Hakuna muntu atamufwata."

"Hakuna, Mama."

"Masikini," alisema. "Basi huyu tunaweza kumulilia."

Akafungua kitambaa cha kichwa. Akashuka kutoka kwenye kigoda, akakaa chini kabisa, miguu ameinyosha mbele kama wanavyokaa waliofiwa, mikono juu ya kichwa. Mwanzoni sauti haikujua njia. Ilitoka kavu, ikakwama, ikatoka tena. Alimlilia Mwingereza kama anavyoliliwa mtu wa kwetu, akimwambia aliimba vizuri, akimwambia pole kwa kuwa peke yake, akimuuliza ni nani alimpikia. Halafu, bila kupumzika, jina likabadilika. Aliita Kyungu. Alilisikia mwenyewe akashtuka, akanigeukia kwa woga, kilio kimesimama kooni.

Nilikaa chini mbele yake nikachukua mkono wake nikauweka shingoni mwangu, ahisi damu inavyokwenda.

"Lia, Mama," nilimwambia. "Mi niko."

Alinishika hivyo hivyo na akalia. Sijawahi kusikia sauti kama ile ikitoka kwa mtu mmoja. Jirani, mke wa mchimbaji aliyetoka Kasai juzi juzi, alikuja mbio na mtoto mgongoni na beseni la maji kichwani.

"Mama Mapasa! Ni nani alikufa?"

"Mutoto wangu," Mama alisema. "Kyungu. Kyungu wangu alikufa."

Yule msichana alinitazama, akatazama simu iliyokuwa imelala katikati ya majani ya sombe. Aliteremsha beseni, akakaa chini ubavuni mwa Mama, akaanza kulia naye. Wanawake wengine wakaingia mmoja mmoja, vumbi la machimbo miguuni, wengi wao hawajui hata jina langu. Hakuna aliyeuliza ni lini.